Zile Ndogo Nilizozimwaga

Umeme ukikatika hapa Mikumi, kitu cha kwanza ninachofanya ni kwenda kushika mlango wa friji. Siufungui. Nausukuma tu kuhakikisha umefunga, kisha natazama saa ya ukutani na kuanza kuhesabu dakika. Ndani ya friji mna mchicha, maziwa na samaki wawili, hakuna cha kumtoa mtu mzima jasho. Lakini mkono wangu haujapata habari kwamba nimestaafu, na moyo unadunda vilevile kama siku zile friza ya maabara ilipokuwa imebeba kazi ya miezi sita. Mjukuu wangu hunicheka sana. Namwacha acheke, kwa sababu hajawahi kupoteza kitu ambacho hata kukiona hawezi.

Nawaandikia ninyi mnaovaa koti jeupe kwa mara ya kwanza mwaka huu. Nilikuwa fundi sanifu wa maabara kwenye kituo kimoja cha utafiti wa kilimo huko Kilosa, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia kusaga majani. Kwetu ni Mamboya, milimani. Mama yangu, Mungu amlaze mahali pema, aliwaambia akina mama wenzake kanisani kwamba binti yake ameajiriwa na serikali kupika majani yasiyoliwa. Niliposikia nilinuna wiki nzima. Leo naona alieleza kazi yangu vizuri kuliko nilivyowahi kuieleza mimi.

Sikilizeni basi. Kila seli ya jani la muhogo ina maagizo yake makuu, na maagizo hayo hayatoki mahali yalipohifadhiwa. Likihitajika jambo, hutolewa nakala. Nakala hiyo ndiyo RNA, na ndiyo inayopelekwa mahali protini zinapotengenezwa. Nakala za namna hiyo ni ndefu, zimeandikwa kwa herufi za kikemia mia kadhaa hadi maelfu, na sisi wa zamani hizo ndizo tulizozijua na kuziheshimu. Lakini ukiiweka RNA ya jani kwenye jeli inayotenganisha vipande kwa ukubwa na umeme ukaivuta, chini kabisa huonekana ukungu wa vitu vidogo vilivyokimbia mbele kuliko vingine. Nilipouliza ni nini, niliambiwa ni vipande vya nakala zilizovunjika, nisipoteze muda. Kwa miaka mingi nilikuwa nachukua mkasi na kukata picha za jeli, nautoa ule ukungu ili ripoti ipendeze. Mnaona nilivyoanza mapema.

Baadaye ndipo tukafundishwa kwamba baadhi ya vile vidogo havikuvunjika kwa bahati mbaya. Seli yenyewe huvikata, tena kwa kipimo: herufi ishirini na moja, ishirini na mbili, ishirini na nne. Havina agizo la protini hata moja. Kazi yao ni kuzuia. Kipande kimoja hushikwa na protini, protini hiyo huzunguka nacho ndani ya seli, na ikikutana na nakala ndefu yenye herufi zinazooana na za kile kipande, huikata au huizuia isisomwe. Jani hujua pa kuacha kutanuka na ua hujua wakati wake kwa sehemu kwa sababu ya RNA ndogo hizi zinazosema basi, inatosha. Ninyi mnaosoma mnazo pia, kuanzia utosini hadi kwenye nyayo. Na kirusi kikiingia kwenye mmea, mmea huzikata nakala za kirusi vipande vya kipimo kilekile, kisha huvitumia vipande hivyo kuwinda nakala zilizobaki.

Hilo la mwisho nililiona kwa macho kabla sijalielewa. Nyuma ya maabara palikuwa na shina la muhogo lililoshikwa na batobato, majani yamejikunja na yana mabaka ya njano. Mzee Yohana, fundi aliyenifundisha kazi, alinikataza kuling'oa. Kila asubuhi alinituma nikalitazame na kuandika. Baada ya wiki kadhaa majani mapya yakaanza kutoka mazuri, ya kijani, bila baka hata moja. Nikaenda mbio kumwambia.

"Mzee, limepona!"

"Limetulia," akasema. "Kata pingili yake ukapande kwingine, ndipo uniambie kama limepona."

Nilikata, nikapanda, na batobato ikatoka. Mmea ulikuwa umekibana kirusi, haukuwa umekifukuza. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kuogopa majani mazuri, na mume wangu alikuwa akilalamika kwamba hata mchicha wa sokoni naukagua kama askari wa barabarani.

Mzee Yohana alikuwa na sheria nyingi, lakini iliyojulikana kituo kizima ilihusu salamu. RNA huliwa na vimeng'enya vilivyomo kwenye jasho, kwenye mate na kwenye ngozi yako. Ukiishika bila glavu imekwisha. Ukiongea juu ya tyubu iliyo wazi, nayo inaweza kwisha. Sasa mnajua huku kwetu humpiti mkubwa bila shikamoo, na mkubwa asipoitikia hilo ni neno la kuzungumzwa mtaani. Mtu anafungua mlango wa maabara, tyubu ziko wazi, anapaza sauti, na mzee analazimika kuitikia marahaba huku mate yakinyunyiza kazi ya siku mbili. Mzee Yohana akabandika karatasi mlangoni: shikamoo zote zinaishia hapa, ndani tunainua mkono. Siku moja alikuja ofisa wa wilaya, mtu wa makamo mwenye kitambi chake, akasimama mbele yangu akisubiri salamu. Mimi nikainua mkono. Alitoka amevimba, anasema vijana wa kituo hiki hawana adabu. Mzee Yohana alifunika tyubu zake taratibu, akavua glavu, akamfuata hadi kwenye gari na kumsalimia yeye, mkewe, watoto, mifugo na mazao, mpaka ofisa akasamehe kwa kuchoka.

Sheria yake nyingine ilikuwa kutomwaga. Maji yote yaliyopita kwenye kazi, hata yale yaliyoonekana hayana maana, aliyawekea tyubu yake na kuiandika jina mpaka jibu litoke. Aliyaita makombo. Friza nzima ilijaa makombo ya Mzee Yohana, na sisi vijana tukawa tunamtania kwamba siku akistaafu atayabeba akayapikie ugali. Alipostaafu kweli, tuliyatoa yote tukasafisha friza. Ikang'aa. Nilijisikia nimekuwa fundi wa kisasa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana nimezungukazunguka kwa kuogopa kulifikia.

Mwaka mmoja kabla sijastaafu tulikuwa na mkulima aitwaye Mzee Rajabu, mwenyeji wa Rudewa, aliyelima kwenye kipande kilichokuwa zamani cha mkonge. Alikuwa anatuzalishia pingili safi za muhogo. Tulimpa mbegu, akaitunza kwa misimu kadhaa, akiwafukuza ng'ombe wa majirani kwa fimbo na kwa maneno mazito, na sasa shamba lake lilikuwa tayari kukatwa na kugawiwa. Pingili zilikuwa zinakwenda Mamboya na vijiji vya jirani yake, ambako michirizi ya kahawia ilikuwa imemaliza mihogo. Ugonjwa huo ni mnafiki. Majani yanaweza kukaa vizuri kabisa, ukichimba mzizi na kuukata unakuta ndani umeoza, mkavu na wa kahawia kama kizibo. Aliyelima anagundua siku ya kuvuna, watoto wakiwa wameshasogea na sahani. Kaka yangu Stefano alikuwa kwenye orodha ya watakaopewa.

Tulifanya kipimo cha kawaida kinachotafuta kirusi chenyewe, na jibu likasema hakikuonekana. Mkuu wetu wa maabara, Dokta Fumbuka, hakuridhika, na kwa hilo nilimheshimu. Alisema kirusi hiki hukaa kidogokidogo, jani hili kipo na lile hakipo, unaweza kukikosa. Tutafute vile vipande vidogo ambavyo mmea hukata ukipigana. Mahali penye vita, alisema, tutaokota hata maganda ya risasi. Akaniagiza niandae tyubu kumi kutoka sehemu kumi za shamba, zipelekwe kusomwa nje ya nchi.

Wakati huo ndipo tulipopata seti ya vichujio vipya. Njia yetu ya zamani ilikuwa ya kemikali zinazonuka mpaka kwenye nywele, na ilibidi RNA iachwe kwenye baridi kali itulie chini, unaikuta kesho yake kama umeme ulikuwepo. Kwa vichujio unamimina maji ya jani pamoja na ethanoli, unazungusha kwenye mashine, RNA inanata kwenye kichujio, kinachopita chini unamwaga. Chini ya saa moja umemaliza. Nilipenda sana. Nilitaka vijana waone kwamba bibi naye anaweza. Karatasi ya maelekezo sikuisoma, nilitazama michoro tu. Meza ya mashine ilikuwa inayumba, nikaikunja ile karatasi mara nne nikaiweka chini ya mguu wa meza, ikakaa vizuri.

Majibu yalikuja Alhamisi asubuhi. Dokta Fumbuka alifungua kompyuta, akapiga kelele ya furaha.

"Safi, Mama Tabitha! Hakuna kipande hata kimoja cha kirusi. Kumi kwa kumi."

Akapiga simu Rudewa palepale, Mzee Rajabu akaambiwa aanze kukata. Lori lingepakia Jumamosi, lipite Dumila na kupanda milimani, maana mvua zilikuwa zimeshakaribia. Mimi nikapewa karatasi niziweke kwenye faili.

Nikazitazama kabla ya kuziweka. Niliwahi kupelekwa Morogoro kwenye mafunzo, na huko tulionyeshwa picha ya hesabu ya RNA ndogo za mmea wenye afya, kwa urefu wake. Picha hiyo ina vilima viwili, kimoja kwenye herufi ishirini na moja na kingine kwenye ishirini na nne. Hivyo ni vipande vya mmea wenyewe, vya shughuli zake za kila siku, hata kama haujawahi kukutana na kirusi. Kwenye karatasi zangu hapakuwa na kilima chochote. Palikuwa tambarare. Kweli vipande vya kirusi havikuwepo, lakini hata vya muhogo wenyewe havikuwepo, na jani lisilo na RNA ndogo zake lenyewe halijawahi kuota popote.

Nikapiga magoti, nikaichomoa ile karatasi chini ya mguu wa meza, meza ikayumba. Maandishi yalikuwa madogo na kingo zimelika. Kichujio hiki hushika RNA za kuanzia herufi mia mbili. Ukitaka na zile ndogo, ongeza ethanoli. Basi. Ethanoli zaidi tu, na chupa yake ilikuwa pembeni yangu siku nzima. Zile ndogo zilikuwa zimepita chini ya kichujio pamoja na maji, nami nilizimwaga kwa mikono yangu, tyubu ya kwanza hadi ya kumi, na ndoo ya uchafu ikaenda kumwagwa siku ileile.

Mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo sikuwa mtu mwema. Niliirudisha karatasi chini ya meza. Nikaweka majibu kwenye faili. Nikajiambia kipimo cha kawaida kimeshasema hakikuonekana, na sheria haidai zaidi ya hapo. Nikajiambia nimebakiza mwaka mmoja, niagwe kwa keki na hotuba kama wenzangu. Siku nzima ile niliosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Ijumaa asubuhi nilimpigia Stefano, sijui nilitaka aniambie nini. Tulizungumza Kikaguru kama kawaida yetu. Nikamuuliza shamba limefikia wapi.

"Liko tayari, dada. Tumeng'oa mihogo yote ya zamani, tumechoma mpaka visiki."

"Yote? Hamkubakiza hata mstari mmoja?"

"Si mlituambia wenyewe tusibakize hata shina? Kijiji kizima kimechoma. Tunawasubiri ninyi tu."

Nikakata simu huku nikimwambia mtandao mbaya. Haukuwa mbaya. Nikaona wazi kwamba lori likienda na ugonjwa, nitakuwa nimewapelekea watu wangu njaa iliyofungwa kwa kamba, watakayoifungua baada ya mwaka. Na lisipokwenda, wana majivu shambani. Hakukuwa na upande wa kukimbilia. Nilikwenda ofisini kwa Dokta Fumbuka, nikamwekea mezani zile picha tambarare na ile karatasi iliyokunjwa.

Alizisoma zote. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Nani mwingine ameona?"

"Mimi, na sasa wewe, Dokta."

"Kipimo cha kawaida kilisema hakikuonekana. Kwa utaratibu inatosha, Mama Tabitha."

"Kwa utaratibu inatosha. Ila wewe mwenyewe ulisema haikutoshi."

Akavua miwani, akajifikicha macho. Msimhukumu. Aliogopa kama mimi, na yeye ndiye aliyepiga ile simu. Halafu akachukua funguo za gari.

"Twende Rudewa. Lakini wewe ndiye utakayemwambia."

Tulimkuta Mzee Rajabu amekata nusu ya shamba. Pingili zilikuwa zimefungwa matita kwa nyuzi za katani, zimepangwa kivulini kwa unadhifu kama vile anamwozesha binti. Alitufurahia.

"Shikamoo, Mzee Rajabu."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Lori limewahi?"

"Hapana, mzee. Tumekuja kusimamisha."

Panga likabaki hewani. "Kusimamisha? Shamba langu lina ugonjwa?"

"Sijui, mzee."

Akamtazama Dokta, akanirudia mimi. "Jana nimepigiwa simu nikaambiwa safi."

"Tulisema hivyo. Ila mimi nilikosea kupima. Kitu tulichotakiwa kukiangalia nilikimwaga kabla hakijaangaliwa."

"Kwa hiyo ni chafu."

"Sijui kama ni safi, na sijui kama ni chafu. Mpaka tupime tena."

Aliliweka panga chini. "Mimi nimefikisha miaka sabini na ushee," akasema. "Watu wa serikali wameniletea ndiyo, wameniletea hapana. Sijawahi kuletewa sijui."

Nilitamani agombe, anitukane, anifukuze kama alivyofukuza ng'ombe. Alikwenda kukaa juu ya matita yake, ametugeuzia mgongo, na sisi tukachuma majani kutoka kwenye miti iliyobaki imesimama na kutoka kwenye vilele vilivyotupwa pembeni asubuhi hiyo, ambavyo bado vilikuwa vibichi. Nilihesabu sehemu kumi mara tatu, nikaziandika, nikazirudia tena.

Safari hii nilitumia njia ya zamani inayonuka. Chukueni haya, yatawasaidia. Jani ligandishwe palepale shambani, msilibebe kwenye mfuko wa plastiki mkijidanganya kwamba mnafika mapema. RNA ndogo zikishatulia chini hazionekani kwa macho, kwa hiyo wekeni alama ya kalamu upande wa nje wa tyubu kabla ya kuzungusha, mjue zimelala wapi. Mkiziosha, ethanoli iwe kali. Ikiwa na maji mengi huzibeba tena, na utakuwa umezimwaga mara ya pili ukidhani unasafisha. Kila nilichomimina nilikiwekea tyubu na jina. Glavu nilibadilisha mara nyingi mpaka mwenzangu akauliza kama naumwa. Nilikuwa naumwa, naam, kwa hofu.

Kisha tukasubiri wiki baada ya wiki. Mvua zikanyesha milimani, zikanyesha vizuri sana mwaka ule, kila tone nililisikia kwenye bati kama mtu ananidai jibu. Mzee Rajabu alimwagia maji matita yake ili yasikauke. Yakachipua majani membamba, halafu yakanyauka. Mamboya waliomba pingili kwa yeyote aliyekuwa nazo mabondeni, wakapanda zenye batobato na zenye nini sijui. Nilipompigia Stefano, alipokea mkewe, akaniambia kaka yuko shambani. Jioni nikapiga tena, nikaambiwa kaka amelala. Tulikuwa hatujawahi kununiana tangu utoto.

Majibu yakaja, wakati wa kupanda umeshapita. Vilima viwili, virefu na vizuri, kwenye karatasi zote kumi. RNA ndogo za muhogo zilikuwepo tele. Za kirusi haikuwepo hata moja. Shamba lilikuwa safi. Lilikuwa safi tangu mwanzo, na siku ile ya Jumamosi lori lingeweza kupanda Mamboya bila kumdhuru mtu yeyote.

Nilikwenda stoo nikalia. Na kwa kuwa nimeahidi kuwaambia ukweli, niwaambie na aibu yangu hii: wiki zote zile nilikuwa namwomba Mungu kirusi kionekane. Nilitaka kuwa nimewaokoa watu wa nyumbani. Nilitaka ule mzizi wa kahawia uwe kwenye karatasi ili Stefano aje kunishukuru. Niliomba shamba la mzee wa watu liwe na ugonjwa ili mimi nipumue. Sijawahi kumwambia hilo mtu yeyote kabla yenu, na naliandika nikiwa na haya.

Nilimpelekea Mzee Rajabu karatasi mwenyewe. Aliisoma akiwa ameishika mbali na macho.

"Safi," akasema.

"Safi, mzee."

"Nusu yake nimeshapikia." Akaonyesha jikoni kwa kidole, moshi ukitoka. "Na wa Mamboya wamepanda nini?"

"Walichopata."

Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaniaga. Hakunikaribisha kukaa. Njia nzima kurudi Kilosa nilijaribu kujitetea moyoni na kila utetezi uliishia kwenye ile ndoo. Kusema ukweli kulizuia kosa la pili. La kwanza halikurudi, na waliolilipia ni wengine.

Stefano alikuja kuzungumza nami msimu uliofuata, lori lilipofika Mamboya kweli na pingili kutoka kwenye ile nusu iliyobaki imesimama. Alinipigia yeye mwenyewe kuuliza zipandwe kwa nafasi gani, jambo ambalo analijua tangu akiwa na miaka kumi. Nikamweleza kwa kirefu, naye akasikiliza mpaka mwisho. Kwetu hiyo inatosha.

Lakini kabla lori hilo halijatoka, shamba lilitakiwa kupimwa tena, kwa kuwa msimu mzima ulikuwa umepita. Kulikuwa na maabara nyingine iliyojitolea, ina mashine mpya na vijana hodari, inatoa majibu haraka kuliko sisi. Nilifurahi kusikia. Nilikuwa nimebakiza miezi michache na sikutaka kuliona shamba lile tena. Siku vijana hao walipokwenda Rudewa, Mzee Rajabu aliwapa maji ya kunywa, akawapa viti, na akawakatalia kuchuma hata jani. Dokta Fumbuka alinisimulia huku akicheka kwamba mzee amesimama njiani na fimbo yake ya ng'ombe, anasema, "Mleteni yule mama aliyesema hajui."

Sikucheka. Nilifungasha vyombo vyangu, nikakagua mara mbili, nikaenda. Alikuwa ananisubiri mwanzo wa mstari wa kwanza. Nikamwamkia, akaitikia, hatukuulizana habari za nyumbani.

"Na leo unajua?" akaniuliza.

"Bado, mzee."

Akalishika shina la kwanza, akaliinamisha nilifikie. "Haya," akasema, "anza."